Mtafuta Mikono

Sote tulimwita Kocha. Mama zetu, waliotoka Kongo na Burundi, walimwita Papa Kocha, na sidhani kama katika majengo yetu ya ghorofa ya Malvern, kaskazini mwa mpaka wa Amerika, kuna mtu aliyewahi kumuuliza jina alilobatizwa. Alikuwa Mgoa, yaani Mhindi Mkatoliki, mtu wa Nairobi ya zamani, mfupi, mwenye kitambi kidogo kigumu na miguu iliyopinda ya mtu aliyekimbia sana ujanani. Alizaliwa mwaka gani, baba yake alifanya kazi gani, hayo siyajui wala sitayatafuta. Ukimuuliza habari zake alikuwa anakwambia uchukue glavu ya kudakia mpira.

Namweleza kama nilivyomjua, na niseme mapema kwamba naeleza nikiwa na hasira. Nampenda yule mzee. Lakini hasira ipo, na nikiificha nitakuwa namweleza mtu mwingine.

Kila mwaka alianza kazi siku theluji ya kwanza inapoanguka. Watoto wote tulikuwa tunashuka nje kurushiana, na yeye alikuwa anaegesha gari lake kuukuu kando, anafungua dirisha kwa baridi ile ile, anatazama. Hakuangalia nani anakimbia sana wala nani mrefu. Aliangalia mikono. Aliyerusha donge la theluji likaenda kugonga kibao cha barabarani kule mbali, huyo alimtia akilini. Makocha wengine wa mjini walifanya majaribio kwenye viwanja vya nyasi za bandia, na wazazi walilipia. Yeye majaribio yake yalikuwa hayo, na watoto hatukujua kama tunajaribiwa.

Mama alimwona kutoka ghorofa ya saba. Mwanamume mgeni, ndani ya gari, anatazama watoto wa watu. Alishuka na kandambili, koti juu ya kitenge, na njia nzima alikuwa ananong'ona kwamba huyu Mhindi leo atamjua yeye ni nani. Kocha alipomwona anakuja alitoka garini, akainua mikono yote miwili.

"Mama, hapana kasirika," alisema. "Mimi natafuta mkono tu."

Mama alikuwa amejiandaa kwa Kiingereza, kwa polisi, hata kwa gari kuondoka mbio. Kiswahili hakukitegemea, tena Kiswahili cha namna hiyo, ambacho kwetu mtu mzima hasemi hivyo isipokuwa anatania. Alimuuliza anatafuta mkono wa nani. Kocha akaninyooshea kidole mimi, nilivyokuwa na kamasi puani na soksi moja imelowa. Jioni ile ile alikuwa mezani kwetu anakula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, viatu amevivua mlangoni bila kuambiwa.

Hilo lilikuwa jambo lake la kwanza la ajabu: mtoto alimchagua kwa macho, lakini hakuzungumza na mtoto. Alizungumza na mama. Na kwa mama hakutaja mchezo. Mchezo wenyewe, besiboli, mama zetu walikuwa wameuona kwenye televisheni na walishaamua kwamba ni watu wamesimama kwenye majani wanamsubiri mwenzao. Kocha hakubishana nao. Alikula kwanza, akasifu sombe, akaomba pilipili, kisha akaanza habari za chuo. Kule Amerika, alisema, kuna vyuo vingi, vingine viko kwenye miji midogo ambayo hata jina lake hulijui, na kila chuo kina uwanja wa besiboli, na kila uwanja unataka vijana wa kurusha mpira. Kijana akirusha vizuri anasomeshwa. Analala pale, anakula pale, anatoka na digrii.

Mama alimuuliza kwa nini nisicheze soka kama watoto wengine. Kocha alikuwa na jibu, na jibu hilo nililisikia baadaye kwenye majiko mengi ya mji huu, Malvern, Crescent Town, mpaka Parkdale, halikubadilika hata neno. Soka inachezwa na dunia nzima, kwa hiyo utapanga foleni nyuma ya dunia nzima. Hoki ya barafu ni ya watoto ambao baba zao pia walicheza. Mpira wa kikapu unataka urefu, na hapo alimwangalia mama yangu, ambaye ni mfupi, kwa heshima kabisa.

"Lakini huku kwa besiboli, watoto yetu hakuna hata mmoja," alisema. "Mlango iko wazi, mama, na hakuna foleni."

Mama alikuwa amepanga foleni maisha yake yote. Kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma alipanga foleni ya unga, ya maji, ya sabuni, ya kuhojiwa, ya kuhojiwa tena. Aliposikia hakuna foleni, basi, nilikwisha tolewa kwa Kocha. Hakuniuliza, na kusema kweli hata angeniuliza ningesema ndiyo, maana nilimwona uso wake.

Skolashipu, alisema Kocha, yaani ufadhili wa masomo. Bursa, alisema mama, kwa neno alilokuja nalo kutoka Kongo, na neno la mama likashinda. Kabla mwaka haujaisha jengo zima lilikuwa linaniita Bursa.

Lazima niseme habari za yule wa Texas, kwa sababu bila yeye mambo yote haya yasingekuwepo. Alikuwa kijana wa Kirundi wa Crescent Town, wa kwanza kabisa wa Kocha. Alirusha, akachukuliwa, akasomeshwa, sasa ni mhandisi kule Texas na ana nyumba yenye gereji. Kocha aliiweka picha yake kwenye simu, kavaa joho na kofia ya digrii, na kila jikoni alipoingia picha hiyo ilizungushwa mezani mikono ikiwa na mafuta. Hakuwa anadanganya. Picha ilikuwa ya kweli na kijana alikuwa wa kweli. Ila mama zetu walipoiangalia hawakuona mtoto wa mtu mmoja, kila mmoja aliona wa kwake.

Sasa hapa ndipo nisipomwelewa mpaka leo. Kocha hakuupenda huu mchezo. Aliniambia mwenyewe, tena bila aibu, siku moja tulipokuwa tunasubiri mvua iishe ndani ya gari lake lililonuka achari ya embe. Mchezo alioupenda ulikuwa hoki ya majani, aliyoicheza Nairobi akiwa kijana, na akiizungumzia hiyo mikono yake ilianza kucheza yenyewe kwenye usukani. Besiboli ilimchosha. Alisema ni mchezo mrefu kama misa ya Pasaka. Nikamuuliza kwa nini basi anatufundisha. Akasema kama vyuo vya Amerika vingekuwa vinasomesha watoto kwa kushona, angenunua cherehani.

Na Amerika yenyewe hajawahi kukanyaga. Mpaka upo pale, saa chache tu kwa gari, watu wanakwenda kununua maziwa na kurudi, lakini yeye hakuvuka. Timu yetu ilipokwenda kucheza upande wa pili alitufikisha karibu na daraja, akatukabidhi kwa mzazi mwingine, akageuza gari. Alisema aliondoka nchi moja na hiyo inamtosha. Alikuwa anapeleka watoto wa watu mahali ambapo yeye hakutaka kulala hata usiku mmoja.

Wakati wa baridi alitufundishia chini ya jengo letu, kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Supa, yaani msimamizi wa jengo, alikuwa Mjamaika mpole aliyekubali kwa masharti kwamba hakuna gari litakaloguswa. Kocha alisimamisha godoro kuukuu ukutani, akachora mraba katikati kwa chaki, na mimi nikarusha. Dari lilikuwa chini, taa moja inawaka na kuzima, harufu ya mafuta ya magari mpaka kwenye ulimi. Yeye alisimama nyuma yangu na kimashine chake cha kupimia kasi, kama cha polisi wa barabarani, na hakuwahi kusema vizuri. Neno lake lilikuwa moja: "Tena." Ukipiga katikati ya mraba, tena. Ukigonga bomba la maji, tena. Nilimchukia sana mle chini, kisha tukimaliza alikuwa ananiketisha kwenye ndoo, ananisugua bega na mafuta ya nazi polepole, huku akiniuliza nimesoma nini shuleni, na nilikuwa namsamehe.

Nyumbani mkono wangu ukawa wa serikali. Sikuruhusiwa kubeba maji, mifuko ya dukani, wala kufungua chupa iliyokaza. Mama Esta, mwenyekiti wa kamati ya akina mama kanisani, ambaye alikaa ghorofa ya tatu, akinikuta kwenye lifti na mzigo alikuwa ananinyang'anya. "Bursa asibebe," alikuwa anasema, na yeye mwenyewe ana miaka sitini na anaumwa mgongo. Theluji ya kurushiana ilipigwa marufuku. Vijana wenzangu walipata kazi za kiangazi kwenye maghala, mimi hapana, nisije nikateguka. Vyombo vyangu aliyeviosha ni dada yangu Neema, miaka yote ile, na ndiyo maana Neema mpaka leo akija kwangu anakaa kwenye kiti na kuniagiza chai.

Jamani, watu wanadhani kupendwa na jengo zima ni raha. Nilikuwa siwezi kukohoa bila mtu kuuliza kama nimemwambia Kocha.

Nilipofika darasa la kumi na moja nilimwambia nataka kuacha. Tulikuwa garini, tumebaki wawili, amekwisha washusha wenzangu. Nilimwambia sina hamu tena, nikilala naota lile godoro. Nilitegemea atafoka. Taa ya barabarani ikawa kijani, magari ya nyuma yakapiga honi, na yeye hajaondoka.

"Haya," alisema mwishowe. "Nani atamwambia mama yako?"

Nikamwangalia. Akaniangalia. Tulijua wote wawili kwamba hayupo mtu huyo. Akaondoa gari, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa chini kwenye maegesho narusha.

Chuo kilichonitaka kilikuwa kidogo, Nebraska, katikati ya mashamba ya mahindi. Kocha wao aliniona kwenye mashindano, akampigia Kocha wetu simu. Kocha alikuja jioni hiyo na shati la kanisani, akakaa mezani, akasema wamesema ndiyo. Mama alichukua simu pale pale akampigia dada yake aliyebaki kambini. Akamweka kwa sauti kubwa, na tukasikia vigelegele vinatoka Kigoma, vya dada yake na vya majirani zake, mpaka simu ikawa inakwaruza. Kocha aliinamia sahani yake akala. Aliposhiba alimwambia mama, kwa sauti ya chini, kwamba afadhali tungoje karatasi, maana hili ni neno la kwenye simu tu.

"Papa Kocha," mama alimwambia, "mtu mzima amesema. Kwetu mtu mzima akisema, unaanza kupika."

Na wakaanza kupika. Asiyejua desturi zetu hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Mtu anayesafiri kwetu haondoki kimyakimya kama mwizi, anaagwa. Kamati iliundwa, Mama Esta mwenyekiti. Ukumbi wa kanisa ulipambwa, akina mama walishona sare za kitenge kimoja, kwaya ilitunga wimbo wenye jina langu ndani. Nilipewa sanduku la safari jekundu. Mchungaji aliwaita wazee wote mbele, wakauwekea mkono wangu wa kulia mikono yao, wakauombea, na baadhi walilia. Kocha aliwekwa meza kuu, amevishwa shada la maua ya karatasi, na nilimwona kwamba wali wake haukupungua. Alipoitwa kusema neno alisema tu kwamba mimi ni mtoto mwenye adabu, akakaa. Watu walisema ni unyenyekevu.

Siku chache baadaye simu ikaja. Yule kocha wa Nebraska alikuwa ameondoka, amepata kazi chuo kingine, na aliyechukua nafasi yake ana vijana wake. Mimi hanijui. Hakuna karatasi, hakuna bursa.

Kocha alimwambia mama akiwa amesimama. Mama hakulia wala hakupiga kelele. Aliangalia lile sanduku jekundu karibu na mlango, akasema mtoto ameshaagwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Hawezi kurudi kwa watu waliomlilia akawaambia hakwenda popote. Kocha akasema atatafuta chuo kingine, wiki mbili, labda tatu, anajua watu. Mama akasema basi mpaka hapo mtoto amekwenda.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Nebraska nikiwa ghorofa ya saba, Malvern.

Neema na mama walitangaza kwamba Kocha alinipeleka alfajiri. Mimi nikakaa chumbani, pazia limeshushwa. Wageni wakija nilikuwa naingia bafuni na kukaa kwenye ukingo wa beseni mpaka waondoke, na watu wetu mgeni akija haondoki kabla hajala. Sikuvaa viatu, ili jirani wa chini asisikie hatua za mtu wa tatu. Nilikuwa na miaka kumi na nane, nina afya, nina mkono ulioombewa na kanisa zima, na sikuweza kuvuta maji ya choo mama akiwa kazini.

Kocha alikuja kila jioni, kwa ngazi, ghorofa saba, ili asikutane na mtu kwenye lifti. Alifika anahema, anakaa kitandani kwangu, anapigia simu vyuo. Kiingereza chake kilikuwa safi na cha adabu, cha karani, na nilimsikia akiomba. Ohio, Iowa, Kansas, kila mahali wamejaza. Akimaliza alikuwa ananipa hali ya hewa. Nieleze hilo. Akina mama wa kanisa walitaka kuniona kwenye simu ya video Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo nilikuwa nakaa mbele ya ukuta mweupe na kofia ya chuo, na Kocha, mtu asiyevuka mpaka, alikuwa ameshasoma kila kitu kuhusu Nebraska. "Leo huko kuna upepo," alikuwa ananiambia. "Sema kuna upepo. Sema chakula ni nyama na viazi." Huyu ni mtu aliyekuwa akiungama kila Jumamosi. Nikamuuliza padri anamwambiaje. Akasema siku hizi haendi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Majani yalikuwa yameanza kubadilika rangi, ni Jumamosi mchana, kwaya inafanya mazoezi nyumbani kwa Mama Esta, na Kocha, aliyekuja mapema siku hiyo, yuko kitandani kwangu na simu sikioni. Kengele ya moto ikalia. Kwetu ililia mara kwa mara kwa ajili ya mtu aliyeunguza chapati, hakuna aliyejali, lakini safari hii moshi ulikuwa unaingia chini ya mlango. Kitu kilikuwa kinawaka kwenye tundu la taka, lile bomba linaloshusha takataka kutoka kila ghorofa. Mama alinishika shati. Niliuona mkono wake unanivuta kuelekea mlangoni, kisha unasita, kisha unanivuta tena. Sitausahau ule mkono ulivyosita.

Kocha ndiye aliyefungua mlango. Alinitanguliza, mkono wake mgongoni mwangu, tukashuka ngazi zote pamoja na watu wengine, Neema nyuma, mama nyuma yake na kitenge kichwani, mpaka nje.

Kwaya yote ilikuwa pale. Wamesimama kwenye lami mbele ya jengo na vitabu vya nyimbo, na mimi nikatokea mbele yao pekupeku. Mama Esta, ambaye Jumapili iliyopita tu nilimwambia kwa simu kuna upepo, alinitazama kuanzia miguuni.

"Kumbe Amerika ni karibu hivi," alisema.

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini chini yake palikuwa na maegesho. Ndipo Kocha akaja akasimama kati yangu na wao. Mfupi, jasho linamtoka, shati limechomoka. Aliwaambia mtoto hana kosa, mama hana kosa, yeye ndiye aliyeleta habari kwamba nimepata na sikupata, na ni yeye aliyesema nifichwe. Hilo la mwisho halikuwa kweli. Mama akamwambia anyamaze, akawaambia wenzake kwamba Papa Kocha alimwonya asubiri karatasi na yeye ndiye aliyekataa. Wakasimama pale wanagombania lawama, magari ya zimamoto yanaingia, mpaka Mama Esta akavua khanga yake akanitandikia chini nikanyage, maana lami ilikuwa baridi.

Waliniita Bursa tena, na bado wananiita, watoto wao pia, ambao hawajui kwa nini. Niliingia kazi ya bomba, nikafundishwa, leo nina gari langu la kazi na nyumba nyingi za Scarborough, upande wetu wa mji, zinakunywa maji kwa mkono huu. Mama aliendelea kumpikia Kocha sombe. Hawakulizungumza jambo lile, walizungumza bei ya samaki. Na Kocha theluji ilipoanguka alirudi na gari lake.

Mwaka huu alinipigia simu mwenyewe. Sasa anatembea na fimbo, magoti yamekwisha, Kiswahili chake mama zetu wamekinyoosha kwa miaka mingi na kinapinda tu akichoka. Alitaka nimpeleke Crescent Town. Kuna mama mmoja kutoka Bujumbura, alisema, amefika karibuni, mwanawe ana mkono ambao hajauona tangu wa yule wa Texas.

"Uje umwambie ukweli," alisema. "Mimi nikiwa mbele ya mama, mdomo hauendi."

Njiani nilimuuliza. Nilikuwa nimelikalia swali hilo miaka mingi na sikulipamba. Nilimuuliza kama siku ile mezani, alipotuambia nimepata, alijua kwamba huenda lisitimie.

Tulipita mataa mawili.

"Yule kocha wa Nebraska aliniambia kwa simu ile ile," alisema. "Kwamba ametafuta kazi kwingine, labda atatoka. Mimi nilikuja kwenu na maneno mawili. Nikasema la kwanza. Kabla sijasema la pili, mama yako ameshampigia dada yake, na watu wa kambini wanapiga vigelegele. Sasa mimi iko sema nini? Nikala chakula."

Nilisimamisha gari kando. Nilitaka kumshusha pale pale na fimbo yake. Nilimfikiria mama, anayejilaumu mpaka leo kwamba hakusubiri karatasi, na huyu alimwacha ajilaumu, akala sombe lake. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mzee. Hakujitetea. Alisema, ndiyo, ni hivyo. Kisha akasema tutachelewa, yule mama ana zamu ya jioni.

Chumba kilikuwa kidogo, safi, kinanuka mchele. Yule mama alitukaribisha kwa mikono miwili. Mwanawe alikaa kwenye kochi, magoti marefu, glavu mpya mapajani. Picha ya yule wa Texas ilizungushwa. Yule mama aliishika simu kwa muda, akapitisha kidole juu ya lile joho, akauliza kama ni kweli vijana wake wote wanasomeshwa. Kocha akafungua mdomo, akaufunga, akaniangalia.

Basi nikasema. Nilisema taratibu, kwa Kiswahili chepesi, nisiache kitu. Kwamba wengi wanarusha na wachache wanachukuliwa. Kwamba mara nyingi chuo kinatoa sehemu tu, na kwamba neno la kwenye simu linaweza kufa kabla ya asubuhi. Kwamba asimwage mtoto wake mzima kwenye mkono mmoja. Kama mtoto anapenda mchezo acheze, kama hapendi aseme leo. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande, hakunikatiza.

"Na wewe, kaka, ulipata?" aliniuliza.

"Sikupata."

Macho yake yakajaa huruma. Alinyoosha mkono akanishika kifundo, mkono wangu wa kulia.

"Pole sana," alisema. "Kila mtu na riziki yake." Kisha akaniachia, akavuta kiti chake karibu na mzee. "Papa Kocha, endelea."

Kocha aliniangalia. Alikuwa ananiomba niseme tena, na mimi nilikuwa nimeshasema yote. Kijana kwenye kochi alikuwa ameivaa glavu, anamtazama mama yake uso. Kocha akageuza kiti, akamwelekea yule mama, akaendelea.